Wewe Utaaga

Binti yangu anafunga begi, anakwenda kusoma ughaibuni. Chupa ya mawese imevuja kidogo, na harufu yake inanirudisha ufukweni, nikiwa mdogo, asubuhi wakimbizi walipokuwa wakishuka kwenye maboti. Ziwa lilikuwa limelala kimya. Mama alikuwa akiwagawia uji, mimi nimeshika vikombe.

Mwanamke mmoja alishuka, kitenge kimelowa. Nilimwonea wivu. Mimi hata Ilagala, kijiji cha upande wetu, sikuwahi kufika, na yeye alitoka kule ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya buluu!

"Shikamoo," nikamwambia. "Mnafaidi ninyi, mnasafiri."

Mama akanifinya sikio. Mgeni hakukasirika. Alinifuta uji kidevuni kwa kidole kilichonuka mawese.

"Utasafiri, mtoto yangu," akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo. "Utaona mengi. Lakini wewe utaaga kwanza. Sisi hatukuaga mtu."

"Mama, twende, tutachelewa," binti yangu ananiita.

"Umewaaga majirani?"

"Nimewatumia meseji wote."

Nalichukua begi mkononi mwake, nalirudisha ndani.

"Nenda kaage," namwambia. "Mlango kwa mlango."