Mkwe Wangu na Pikapu Niliyoinyanyua

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nikikuona unalizunguka hilo gari lako lililonyanyuliwa, unalitazama utadhani umeposa. Usinune. Nami nililipenda langu hivyo hivyo, tena zaidi.

Lilikuwa pikapu kuukuu ya milango minne. Mafuriko yakija, njia ya Mohoro ilikuwa tope tupu, nikachoka kusukumwa. Nikaenda kwa Fundi Abdala pale Ikwiriri, akaliinua kwa springi ndefu na shokapu mpya, hata kuku wakawa wanapita chini bila kuinama.

"Niachie mpaka kesho nipime alaimenti," akaniambia, "magurudumu yaelekee sawa. Gari likipanda, miguu inapinda."

Nikamwambia nitarudi. Nilikuwa na haraka ya kuonekana, basi.

Wiki kadhaa nikatamba nalo kwenye mashamba ya mpunga. Usukani ulivuta kulia, nikasingizia tope, maana kwenye tope kila gari huyumba. Hapo ndipo nilipojidanganya.

Kisha mama yake mke wangu akapangiwa siku ya kutibiwa jicho hospitali ya Mchukwi. Nikasema nitampeleka mwenyewe. Wazijua adabu zetu: mkwe alikaa nyuma na binti yake, kajifunika kanga, akiwa na neno analipitisha kwa mke wangu.

Tulipopanda lami nikakanyaga mafuta. Usukani ukaanza kutetemeka, gari likawa linakwenda upande wa malori yaliyokuwa yakija. Narudisha, linakwenda tena. Daraja la Rufiji lilikuwa karibu. Ndipo mkwe aliponisemesha mwenyewe, mara ya kwanza tangu nioe.

"Baba, simamisha. Macho yangu mabovu, kiuno changu kizima. Gari hili linavuta."

"Ni upepo tu, mama."

"Upepo wa wapi? Jicho hili nataka nimwonee mjukuu, sitaki kufa nawe darajani. Simamisha!"

Nikashuka nimevimba. Nikainama. Tairi za mbele zilikuwa nzima kwa nje, lakini kwa ndani zimelika mpaka nyaya zimechomoza. Nilikuwa nimewapakia watu wawili niwapendao kuliko wote, mmoja ana mimba yako.

Wao wakapanda basi la Kibiti, wakaendelea hospitali. Mimi nikalipeleka gari Ikwiriri kwa mwendo wa kinyonga. Abdala hakunisema, alicheka tu, akabadilisha tairi, akapima magurudumu kama alivyotaka tangu mwanzo.

Siku ya kuwafuata, bibi yako alitoka hospitali jicho limeshafunguliwa bandeji. Nikamwamkia. Hakunitazama. Aliinama akachungulia tairi za mbele kwa ndani, moja baada ya nyingine, akajifuta mikono.

"Haya, twende," akasema, akaja kukaa mbele, ubavuni mwangu.

Basi, umeliinua, umefanya vizuri, maji ya huku tunayajua. Lakini usilipandishe lami kabla fundi hajapima magurudumu, na kila jioni inama utazame tairi upande wa ndani, ule usioonekana ukiwa umesimama. Na mtu akikwambia gari lako linavuta, hata kama haoni vizuri, msikilize kwanza ndipo ujitetee.

Nenda, mwanangu. Mola akunyooshee barabara, akupe abiria wasioogopa kukukaripia, na akurudishe kwetu pamoja nao wote.