Lebo ya Dagaa Niliyosema ni Yangu

Baba yangu alikuwa anapasua mawe kwa moto. Unakusanya matairi yaliyochakaa na magogo, unayapanga chini ya jiwe, unawasha asubuhi na mapema, halafu unakaa. Kazi yenyewe ni kukaa. Wapita njia walimwona amekaa wakamwita mvivu, kumbe baba anasikiliza. Jiwe likianza kushika moto linalia kidogo kidogo, ti, ti, kama mtu anayejivunja vidole. Likilia hivyo hakuna shida, hata sisi watoto tulichezea pale pale. Likinyamaza, baba aliinuka bila neno, akatushika mkono mimi na dada yangu, akatupeleka nyuma ya ua wa minyaa, tukachuchumaa. Nakumbuka mkono wake ulikuwa mkavu. Halafu tunasikia kishindo, na kuku wa jirani wote wanaruka.

Sijui kwa nini nimeanza na hayo. Nadhani ni kwa sababu ya vumbi. Mawe yakishapasuka baba aliyaponda kwa nyundo, vumbi likamwingia kifuani, akawa anakohoa mpaka mama anahamia chumba kingine, na mimi nikaapa sitashika nyundo. Shule niliishia darasa la nne. Nikamfuata mzee mmoja mjini aliyekuwa akiandika mabango ya maduka kwa rangi na brashi, nikawa namwoshea brashi, kisha nikaanza kujaza herufi alizozichora yeye. Herufi nilijua kuzichora kabla sijajua kuzisoma vizuri. Niliwahi kuandika KINYOZI ukutani nikiwa nadhani naandika jina la mwenye duka.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na watu wa Igoma wa umri wangu wananijua. Mbuzi niliyemchora kwenye ukuta wa baa moja, barabara ya Musoma, alikuwa mnene kiasi kwamba mteja aligoma kula nyama aliyoletewa, akasema anamtaka yule wa ukutani. Nilicheka sana siku ile. Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango kwenye turubai. Bango linatoka asubuhi, mchana limetundikwa, na picha ya mbuzi ni ya mbuzi mwenyewe. Ngazi yangu ikawa inakaa nyuma ya nyumba, kuku wanataga chini yake.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyesema, "Baba, mkono unao. Nenda ukajifunze kompyuta, usikae hapa unanuna." Kuna chuo Ilemela, kimejengwa juu ya mawe, ndege zinazoshuka uwanjani zinapita karibu na madirisha mpaka vioo vinatikisika. Kozi ya usanifu wa michoro, miezi sita. Nikaenda. Cheti ninacho, kimewekwa kwenye fremu na binti yangu, kipo sebuleni. Mwalimu alinipa, nadhani, kwa kuona haya kumnyima mtu mwenye mvi. Huwa nakaa kwenye kiti kinachokipa mgongo.

Mwalimu wetu alikuwa na umri wa kitinda mimba wangu. Akiingia darasani ananiamkia, "Shikamoo mzee," namwitikia, "Marahaba baba," halafu dakika hiyo hiyo ananiambia, "Mzee, kaa sawa, hiyo kazi yako ya jana ni mbovu." Nilimpenda kwa hilo. Alikuwa anatuambia kwamba kujua kuchora ni nusu ya ufundi, nusu nyingine ni kukaa na watu: kugawana kazi, kukubali kusahihishwa, kutaja kazi ya mwenzako kwa jina la mwenzako. Alitaka kila mmoja aandike ukurasa mmoja mwishoni, amejifunza nini kuhusu kufanya kazi na wengine. Ule ukurasa sikuuandika. Ndio huu naandika sasa, na naona utazidi.

Akatugawa watatu watatu. Kwangu alikuwepo mama mmoja wa Igoma, mpambaji wa keki, mtu wa miaka arobaini hivi, mdomo wake haukuwa na mlango. Wa tatu alikuwa kijana wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, anavuka na kivuko kila asubuhi, ana mke na mtoto mchanga. Huyu alikuwa fundi. Nimeona mafundi wengi, lakini huyu akishika kompyuta unaona kitu kinatoka kama kilikuwepo siku zote na yeye amefunua tu.

Siku ya kwanza alituambia habari zake, macho yanang'aa. Kiwanda kimoja cha kuchapa mifuko na lebo kilishamwona, kikampa ahadi: akileta cheti pamoja na barua ya mwalimu inayosema ni mkweli na anaweza kufanya kazi na watu, wanampokea. Barua ile ndiyo iliyokuwa kila kitu.

"Nikiikosa hiyo, babu," akasema, "narudi kubeba magunia gatini. Na mgongo wenyewe ndio huu."

Mama wa keki akamtazama. "Mgongo gani? Hapo mimi naona fito."

Alikuwa ananiita babu, mimi namwita mjukuu, na mnajua babu na mjukuu hawaachani. Nikishika mausi vibaya ananiambia, "Babu, hiyo siyo ng'ombe, usiikokote na kamba." Namwambia, "Nyamaza wewe, nitamwoa mke wako nikuache unalea." Darasa zima linacheka. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Kazi tuliyopewa ilikuwa ya kweli. Kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa ufukweni walitaka paketi zao zionekane vizuri madukani. Vitu vitatu: nembo, lebo ya paketi, na bango. Mama wa keki akachukua nembo. Kijana akachukua bango. Mimi nikachukua lebo, kwa sababu samaki nimewachora maisha yangu yote. Wakanifanya pia mwenyekiti wa kundi. Hakuna aliyepiga kura. Nilikuwa mkubwa, basi.

Kila Ijumaa kulikuwa na fomu. Mnaandika nani amefanya nini wiki hiyo, mwenyekiti anasaini juu, wengine chini. Mwalimu alisema fomu hizo ndizo atakazozisoma akiandika barua za watu.

Dagaa wangu niliwachora kwa mkono, kwenye karatasi, wazuri kabisa. Kuwaingiza kwenye kompyuta ndiko kulikonishinda. Kila nikigusa hapa, kule kunapotea. Wiki ya kwanza nikamwambia kijana, "Mjukuu, hebu nishikie hapa kidogo." Akashika. Wiki ya pili nikampa karatasi akaenda nayo Kamanga pamoja na kompyuta ndogo ya chuo, akarudi na dagaa wamekaa kwenye lebo, wanameta, nyuma yao ziwa. Nikafurahi kama ni mimi. Ijumaa ikafika, yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri, akashika kalamu akauliza, "Hapa kwenye lebo niandikeje, babu?"

Nikasema, "Andika ni mimi."

Alinitazama kidogo. Akaandika.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu nimeshazeeka na sina wa kumdanganya. Nilijua wakati ule ule kwamba nimefanya kitu kibaya. Nilisaini haraka ili nisikione. Wiki ya tatu hakuniuliza tena. Aliandika mwenyewe, "Lebo: mzee," akanisogezea karatasi bila kuinua uso. Ya nne vivyo hivyo. Alikuwa anafanya bango lake na lebo yangu, na macho yake yakaanza kuwa mekundu. Angesema nini? Mtu wa huku amwambie mwenye umri wa babu yake, wewe hujafanya kazi yako? Kwao wangemwuliza amelelewa wapi.

Mama wa keki alisema. Tulikuwa tunakula mihogo nje ya darasa, akasema bila kunitazama, "Baba, hiyo lebo yako inaota nyumbani kwa watu."

"Namfundisha," nikasema.

"Unamfundisha?" Akacheka cheko fupi lisilo na furaha. "Haya. Mimi nembo yangu nimeihenyekea mwenyewe, ni mbaya lakini ni yangu. Shauri yenu."

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Kwanza utani ulikwisha. Nilimwambia siku moja, "Mjukuu, mke wangu hajambo huko Kamanga?" Akajibu, "Hajambo, mzee." Mzee. Hakuniita babu tena. Mtu mwingine angeona ni adabu imeongezeka. Mimi sikuona hivyo. Nikamtania tena kesho yake, na kesho kutwa, namchokoza makusudi anitukane kidogo, na yeye ananiitikia vizuri, taratibu, kama unavyomwitikia mgeni usiyejua amefuata nini kwenu.

Halafu akaacha kula nasi. Anakaa peke yake kwenye jiwe kubwa chini ya chuo, anatazama maji. Akawa anasafisha kompyuta aliyokuwa akiitumia, anatoa picha zake moja moja, picha ya mtoto wake aliyokuwa ameiweka usoni pa skrini akaitoa, pakabaki bluu tupu. Nilimwuliza mbona mtoto umemtoa. Akasema, "Atachoka kutazama watu, mzee."

Wiki ya mwisho mvua ilitukuta chini ya baraza, mimi na yeye. Upande wa Sengerema ziwa lilikuwa jeusi, na wingu lilikuwa linakuja chini chini, halina ngurumo. Kivuko kilikuwa kimesimama katikati, au kwa macho yangu kilionekana kimesimama. Kisha akasema, polepole sana:

"Mzee, Ijumaa hii tukiandika ilivyo, itakuwa vibaya?"

Ndiyo, aliniuliza hivyo. Alinifungulia mlango mwenyewe na akaushikilia. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Badala yake nikaanza kumsimulia habari ya mbuzi wa baa, jinsi mteja alivyomtaka yule wa ukutani. Nikaisimulia yote, na sauti za watu nikaziiga. Aliposikia imeisha akatabasamu kidogo, akafunga zipu ya koti, akaingia kwenye mvua.

Siku ya kuonyesha kazi walikuja akina mama watatu wa dagaa, wamevaa vitenge vya sare, na alikuja mtu wa kile kiwanda na daftari lake. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Kazi ikarushwa ukutani kwa projekta. Nembo, wakainamisha kichwa kwa heshima. Bango, wakapiga makofi. Lebo ilipokuja mmoja wao akapiga kigelegele, kisha mkubwa wao akasogea karibu na ukuta.

"Nzuri, baba," akaniambia. "Ila dagaa wako wana mgongo wa bluu. Wetu wakikauka wanakuwa kama fedha. Wanunuzi watasema tumewaletea samaki wengine. Tubadilishie hapo tuone."

"Ni kitu cha dakika moja," mwalimu akasema. "Mzee, kaa hapo ubadilishe."

Nikakaa. Nikashika mausi. Chumba kizima kinatazama ule mshale mdogo ukutani, na mshale unatangatanga. Nikagusa hapa, dagaa wote wakapotea. Nikagusa pale, wakarudi wamelala kifudifudi. Mama mmoja akacheka, mwenzake akamfinya. Nikasema macho yangu leo hayaoni vizuri.

Mwalimu alisogea mezani. Alichukua lile faili la fomu za Ijumaa, akafunua moja, mbili, tatu. "Mwandiko huu wote ni wa nani?"

"Wangu, mwalimu," kijana akasema.

"Na lebo hii ametengeneza nani?"

Kijana akanigeukia. Sikuona hasira usoni mwake, ningeiona ningepata nafuu. Alikuwa anasubiri tu. Mkubwa ndiye anayeanza kusema, na yeye alikuwa ananipa nafasi yangu nianze. Mama wa keki akasema chini kwa chini, "Baba, sema." Nikatazama ukuta. Niliwahesabu dagaa. Walikuwa kumi na mmoja.

"Kijana, nimekuuliza."

"Imeandikwa kwenye fomu, mwalimu."

"Najua imeandikwa. Nakuuliza kama ni kweli. Mimi nitaiandikaje ile barua?"

Yule mtu wa kiwanda alikuwa ameshafunga daftari lake. Hakulifunga kwa kishindo. Alilifunga kama mtu aliyemaliza kusoma, akachomeka kalamu mfukoni.

Kijana alimwona. Akasimama muda kidogo na shati lake jeupe. Kisha akaja mpaka nyuma ya kiti changu, akainama juu ya bega langu, akasema, "Samahani, mzee," na mkono wake ukaja juu ya mausi, nikaondoa wangu. Mara mbili tu aligusa. Mgongo wa dagaa ukawa fedha, wote kumi na mmoja, na mwanga ukapita juu yao kama wametoka kuanikwa. Akina mama wakapiga makofi. Wao hawakujua wanampigia nani.

Akairudisha mausi chini ya kiganja changu, mahali pale pale ilipokuwa. Akachukua mkoba wake. Mama wa keki akamfuata mpaka mlangoni, "Mwanangu, subiri, mwanangu, rudi tuzungumze," na mimi kutoka kwenye kile kiti nikamwona kwa dirisha akishuka kati ya mawe kuelekea barabarani, hana haraka, shati jeupe, hageuki, na hakurudi tena.