Moto wa Oili Chafu

Mume wangu alitaka kuyeyusha chuma. Hadi wakati huo karakana yetu ya Mabwerebwere ilikuwa ya alumini tu, masufuria na vifuniko, na tanuri la mkaa lilitutosha. Lakini wenye mashine za kukoboa mpunga kule Tindiga walikuwa wakimsumbua awatengenezee vipuri vya chuma, na chuma hakiyeyuki kwa moto wa mchezo.

Umeme tuliukataa: ukikatika katikati ya kazi, chuma kinagandia kwenye chungu cha kuyeyushia, na chungu ndiyo basi tena. Gesi ya mitungi ingetumaliza. Ikabaki oili chafu, ile inayomwagwa kwenye magereji ya malori Mikumi.

Tukaenda huko kumwona mzee mmoja mwenye tanuri la namna hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akatuonyesha bomba la oili, koki yake, na feni ya kupulizia. Moto ulinguruma kama lori linalopanda mlima. Mume wangu alitabasamu muda wote. Mimi nilimtazama mzee usoni. Hakuwa na nyusi, na ngozi ya shavu lake moja iling'aa kama nailoni.

"Moto ukizimika ghafla, funga oili kwanza," alituambia. "Usichungulie."

Siku tuliyowasha tanuri letu la oili nilishindwa hata kunywa chai. Moto ulianza vizuri, chungu kikawa chekundu, kisha mngurumo ukakatika. Feni ilizunguka, oili ikaendelea kutiririka, na kwenye tundu la mfuniko ukaanza kutoka moshi mweupe, mzito. Mume wangu akainama.

"Baba watoto, toka hapo!"

"Ngoja nione kwanza."

Nilimkamata shati kwa nyuma nikamvuta, tukaanguka wote kwenye mchanga wa kutengenezea kalibu, na papo hapo tanuri likalipuka. Mfuniko ulipaa ukatoboa bati. Ndimi za moto zikajaa pale alipokuwa ameinama, na hazikupungua, maana koki ilikuwa bado wazi. Nilitambaa hadi kwenye koki nikaifunga huku nikilia kwa sauti kama mtoto.

Yeye alikaa mchangani akijishika sikio. "Unasema nini?" aliniuliza. Sikuwa nimesema kitu.

Sikio lilipopona, akaanza tena. "Koki tukiiweka mbali na tanuri, hakuna shida."

"Ukiwasha, sitakuwepo kukuvuta."

Tukarudi kwenye mkaa na masufuria yetu, na watu wa Tindiga sasa wanafuata vipuri Morogoro. Nilidhani yameisha. Lakini jana nilimkuta nyuma ya karakana akipima kwa hatua kutoka kwenye tanuri la oili hadi ukutani, midomo ikihesabu. Hakuniona. Nilirudi ndani taratibu, nikakaa.