Jina la Darwesh Mtandaoni

Miaka kumi na tisa Darwesh aliuza dawa Bagamoyo, hatua chache kutoka sokoni, na watu walimwita daktari ingawa aliwakataza. Kisha mtoto mmoja akafariki Chalinze kwa dawa ya kikohozi iliyoharibika, na gazeti moja la mtandaoni likaandika kwamba chupa ilitoka kwake. Wakaguzi walipekua duka siku mbili, wakamwandikia barua yenye muhuri: dawa ilinunuliwa kwingine. Gazeti likaomba radhi kwa mistari mitatu.

Alidhani yamekwisha, lakini wateja wakazidi kupungua. Jirani yake, Bi Mina, ndiye aliyemwambia bila kuzunguka. "Bwana Darwesh, watu wanaandika jina lako kwenye simu. Cha kwanza kutokea ni kile kifo."

Binti wa kaka yake, Hanadi, aliyesomea kompyuta, akamtengenezea ukurasa, akaiweka humo na ile barua. Baada ya wiki sita walitafuta jina lake mtandaoni. Ukurasa wao ulikuwa wa thelathini na moja.

"Lakini huu ndio wa kweli," alisema Darwesh.

"Ami, mtambo wa kutafutia haujui ukweli. Unapitia kurasa zote na kuandika kilichomo, kama faharasa ya kitabu. Mtu akiuliza, hutanguliza ukurasa ambao kurasa nyingine nyingi zinaelekeza kwake. Kwenye ule wa zamani zinaelekeza kurasa zaidi ya mia. Kwenye wetu, hakuna."

"Nani hao wote?"

"Wengi ni waliokutetea. Kila aliyeandika kwamba ni uongo aliweka kiungo, ili watu wakausome huo uongo. Mtambo ukaona kumbe ni habari kubwa."

Darwesh alijiinamia. Ni yeye aliyewaomba, mmoja mmoja, hadi wenye tovuti ya msikiti wa Lugoba, na kiungo aliwatumia kwa mkono wake.

Walimtafuta mhariri wa lile gazeti, aufute ule ukurasa. Gazeti limekufa, alisema. Neno la siri la kufungulia tovuti analo mwenzake aliyehamia ng'ambo, hapokei simu. Hanadi akawaandikia wenye mtambo, wakajibu kwamba mwenye ukurasa aufute kwanza.

Mwezi wa Shaaban Darwesh alifunga duka, akaenda Kiwangwa kulima mihogo kwenye shamba la mkewe. Huko ndiko alikopigiwa simu na mwanamke asiyemjua.

"Naitwa Sikuzani. Mimi ndiye mama wa yule mtoto. Nilitaka tu nisikie sauti yako."

Darwesh aliweka jembe chini. Alimpa pole, akamweleza habari ya wakaguzi, akamsomea barua nzima kwa kichwa, kwani alikuwa ameihifadhi.

"Barua huandikwa," alisema Sikuzani. "Mwaka wa tatu huu naliandika jina lako, na kila mara habari ile ile ndiyo ya juu kabisa. Ingekuwa uongo ingebaki pale?"

Mwanamke akaanza kulia, na simu ikakatika.