Eda ya Bi Salma

Harufu ya godoro jipya la sponji inanichefua. Juzi niliingia duka moja la Azaiba, hapa Maskati, kumnunulia mjukuu wangu kitanda. Mwenye duka akachana nailoni ya godoro, nami nikatoka nje nikasimama juani kama mwendawazimu. Ngojeni nikwambieni kisa chake.

Nilipokuwa mdogo, nyumba yetu ya Ghubra ilijaa magodoro hayo mpaka ukumbini. Mamangu na mashoga zake walikuwa wakizipokea familia za kutoka Unguja, zilizotangatanga miaka baada ya watu wetu kuuliwa kule kwenye mapinduzi. Kila familia ilipata godoro, masufuria na mbuzi ya kukunia nazi, na mwanamke asiye na mume akapewa na cherahani. Sisi watoto tukipigana mieleka juu ya magodoro mpaka tule makofi. Mama alikuwa na neno lake moja, akilisema huku anafunga mizigo: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo siku hizi sitaki hata kuisikia.

Bi Salma alikuja na binti yake, Thuwaiba, rika langu. Mumewe, Seif, alichukuliwa nyumbani asubuhi pamoja na wanaume wa mtaa mzima, na hakurudi hata mmoja. Maiti hakuiona, kwa hivyo hakukaa eda. Akiulizwa hujibu, "Nnamngoja Seif," kwa sauti ya kawaida kabisa, ungedhani kaenda sokoni. Alikuwa mcheshi, masikini, na visheti vyake sijavipata tena popote.

Mama na wenzake wakaona kazi haijesha. Wakamtafutia mume, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, ana kazi serikalini na roho nzuri. Bi Salma akakataa. Wakamwandama: mtoto ataka baba, na huyo Seif utamngoja mpaka lini, bibi? Mwisho akachoka. Kadhi akahukumu kuwa Seif keshakufa, na Bi Salma akatiwa ndani kukaa eda, kavaa nyeupe, hana wanja wala manukato.

Siku ya kwanza wanawake walikuja na halwa na kahawa, wakizungumzia kitambaa cha nguo ya harusi. Mimi na Thuwaiba tulikuwa tukishindana kulamba samli ya halwa vidoleni. Bi Salma akawatazama mmoja mmoja.

"Jamani, mume wangu kafa leo. Hamna hata mmoja wa kunipa pole?"

Mama akasema, "Kahawa inapoa," akaenda jikoni, na hakutoka mpaka wageni walipoondoka.

Bi Salma aliolewa, akazaa tena, akazeekea kwenye nyumba nzuri. "Salma tulimsimamisha sisi," mama alikuwa akisema kwa fahari, na mimi nikikasirika. Wallahi nilimkasirikia miaka. Mlimpa mpaka cherahani, pole ikakushindeni?

Mama alipokufa ndipo mdogo wake aliponambia kuwa kaka zao wawili walichukuliwa asubuhi ile ile aliyochukuliwa Seif, mtaa ule ule wa Unguja. Sikupata kumsikia mama akiwataja, wala matanga yao hayakukaliwa. Angempa Bi Salma mkono wa pole siku ile, ingembidi naye apokee wake.