Demarere ya Baba Ikipata Joto

Asubuhi gari la baba lilikuwa malaika. Ukigusa ufunguo tu, limewaka. Lakini lizungushe mjini mpaka injini ipate joto, lizime, kisha ujaribu kuliwasha tena: stata, ambayo sisi huku Lubumbashi tunaiita demarere, inajivuta, inaguna, halafu kimya. Mpaka lipoe ndipo likusamehe.

Siku za kawaida tulikuwa tunacheka. Wiki ile hakuna aliyecheka, kwa sababu Jumamosi mdogo wangu alikuwa anaolewa, na baba alikuwa ameapa kumpeleka kanisani kwa gari lake mwenyewe. Tatizo lilikuwa nyanya yetu, nkambo. Anaishi Makomeno, miguu imemkatalia, na biarusi wa kwetu haingii kanisani bila baraka yake. Na nkambo habariki mtu mbele ya injini inayonguruma. Kwake hayo ni matusi. Kwa hiyo tungetoka kwetu Katuba, tungefika kwake gari likiwa na joto, tungelizima, na hapo ndipo ingekuwa shughuli. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa tayari ametangaza kwamba atatufuata nyuma na gari lake jipya la jipu.

"Yenu ikikufa, ya kwangu iko," alisema. Baba alipolisikia hilo alitoka nje.

Mimi nina roho ya haraka, na tangu utotoni napenda kufungua boneti kuliko kufunua sufuria. Mama alishachoka kunisema. Nikavaa suruali ya zamani, nikaanza.

"Ni batri," baba akaamua. Aliendesha malori ya migodi ya Kambove maisha yake yote, na kwake kila ugonjwa wa gari huanzia kwenye betri. Tukaazima ya jirani. Joto likapanda, demarere ikaguna vilevile. Nikaimwagia maji, dawa ya mtaa mzima. Gari likawaka, ila huwezi kwenda harusini na ndoo. Tukaifungua demarere yenyewe, tukasafisha kaboni zake, tukairudisha. Alhamisi tukazunguka Katuba makusudi mpaka injini ikachemka, tukazima uani, baba akajaribu. Ikaguna.

Baba akaketi kwenye ngazi. "Ambia baba yako mukubwa alete jeep yake," akasema taratibu.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Sikumkasirikia yeye, nililikasirikia lile gari, na kwa hasira hiyo nikashika waya wa masi, ule mnene unaounganisha betri na mwili wa injini, nikataka kuung'oa. Nikauachia haraka, maana uliniunguza. Nikagusa mwenzake wa upande wa pili: vuguvugu tu. Waya unaopitisha umeme vizuri hauchemki hivyo. Nikachukua waya tunaotumia kuazima umeme kwa gari la jirani, nikaunga betri na injini moja kwa moja, nikiupita ule wa masi.

"Papa, jaribu."

Demarere ikazunguka kwa nguvu za asubuhi. Nikamwambia azime, awashe tena. Ikawaka tena, na injini bado ya moto. Nilirukaruka uani bila aibu, majirani wakitazama juu ya ukuta.

"Haiko batri, Papa. Haiko demarere. Njo hii waya."

"Ile? Ile iko mupya. Nilinunua mi mwenyewe."

Akaleta kisu, akaukwangua. Juu mwekundu, ndani mweupe: alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Tukatazamana. Katika mji huu, ambapo malori ya shaba yanapita usiku na mchana, nani anauliza kama waya mwekundu ni shaba? Ni sawa na kuuliza kama chumvi ina chumvi. Baba alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tuko juu ya shaba," akasema akifuta macho, "na mi nikanunua sufuria."

Fundi wa kuchomelea wa barabara yetu akatukatia kipande cha waya wake mwenyewe, shaba tupu. Ijumaa nzima tulizunguka juani, tukazima, tukawasha, tukazima, tukawasha. Baba hakulitaja tena jipu, na mimi sikulala kwa furaha.

Jumamosi, Makomeno. Injini ikazimwa, nkambo akamnyunyizia mdogo wangu maji kichwani, akasema maneno yake bila haraka yoyote. Tukarudi garini: biarusi nyuma, mimi mbele kando ya baba, shangazi zetu wakipiga vigelegele barabarani. Baba akaingiza ufunguo. Kimya.

Baba mkubwa akashuka kwenye jipu lake, akaja dirishani na tabasamu. "Nilisemaka. Mulete mutoto huku."

Lakini mimi nilikuwa nimeisikiliza demarere ile wiki nzima, na safari hii hata kuguna haikuguna. Nikatazama mkono wa baba. Ufunguo alikuwa ameushika tu, hajaugeuza.

"Papa, iko nini?"

"Ngoja kidogo," akasema, akitazama mbele. "Nikiwasha, mutoto anaenda."

Mdogo wangu akanyoosha mkono wake wenye glavu nyeupe, akauweka begani mwa baba. Baba akageuza ufunguo. Injini ikaitika papo hapo, na mimi, niliyehangaika wiki nzima ili iwake, nikatamani ingekawia kidogo.