Bibi Minza na Karatasi ya Wajerumani

Nikisikia harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ikichemka jikoni, narudi kwenye kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, kijijini kwetu karibu na Nyarugusu. Nilikuwa darasa la tano. Tuliishi na Bibi Minza, mama yake mama yangu. Kila mtu alijua kwamba baba yake alikuwa Mjerumani, mlowezi aliyekuja kutafuta dhahabu akaondoka wakati wa vita, Bibi akiwa bado anabebwa mgongoni. Kisimani wanawake walimtania mama yangu: "Wewe mjukuu wa mzungu, babu yako hajakuletea hata barua?" Mama alicheka nao, lakini akifika nyumbani alitua ndoo kwa kishindo.

Basi alipokuja Bwana Dieter, mjukuu wa mlowezi yule kwa mke wa Ujerumani, Mama alifagia uwanja mara mbili. Mgeni alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kwa ajili ya safari hiyo.

"Shikamoo, shangazi," alimwambia Bibi.

"Marahaba. Na hiyo pua, umeiazima kwangu?"

Tulicheka sote. Kisha mgeni akakunjua karatasi pana kama mkeka, iliyochorwa mti wa ukoo wao. Juu kabisa palikuwa na mkulima mmoja wa kwao. Chini yake wanawe, mmoja aliyekwenda Amerika, mwingine aliyekuja huku. Kila mstari ulishuka kutoka kwa mwanamume. Bwana Dieter akashika kalamu amwandike Bibi.

"Ngoja," Bibi alisema. "Babu yako alitoa ng'ombe wangapi kwa ajili ya mama yangu?"

"Nadhani hakutoa."

"Basi mimi si wa ukoo wenu."

Lazima nieleze hapa. Kwa Wasukuma, mahari ndiyo inayompa baba watoto. Pasipo ng'ombe, mtoto ni wa kwao mama yake, na huko Bibi alilelewa akapewa jina.

"Mama, mwache aandike!" mama yangu alisema. "Maisha yangu yote wananicheka."

"Wanakucheka kwa sababu unamngojea yule mzungu. Mimi simngojei. Ukoo ninao."

Bwana Dieter aliweka kalamu chini. Alikuwa ametoka mbali, na uso wake ulisawijika. Nadhani Bibi alimwonea huruma, kwani alimsogezea sahani ya michembe, akasema: "Kula, mwanangu. Ukishiba, mwandike mama yangu, Kabula. Mimi nikae chini yake. Babu yako mweke pembeni, kama mgeni aliyelala kwetu."

Karatasi haikuwa na nafasi. Nilichana kurasa mbili za daftari langu, tukazibandika ubavuni kwa uji wa muhogo. Bibi akataja baba yake Kabula, na mama yake, na wazazi wa hao, vizazi saba, bila kusita, huku akimenya karanga. Mama alisimama mlangoni akisikiliza. Baada ya siku hiyo sikumsikia tena akitua ndoo kwa hasira.

Bibi alifariki zamani. Mwaka jana binti wa Bwana Dieter alinitumia kitabu cha ukoo wao, na Kabula yumo, pamoja na watu wake wote. Wanangu waliponiuliza majina ya wazee wetu, nilitaja matatu nikakwama. Bibi aliyataja yote kwa mdomo. Mimi, mjukuu wake, niliyasoma kwenye kitabu kilichotoka Ujerumani. Sasa kila Jumapili tunayarudia mezani, kitabu kikiwa kimefungwa. Tumefika la tano.